Kurekodi Sauti za Kompyuta Kubwa: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kupanga Maikrofoni

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa seva husikia kitu kimoja tu, nacho ni upepo. Mamia ya feni huvuma kwa pamoja, na kwa dakika kadhaa sikio haliwezi kutenganisha chochote ndani ya mvumo huo. Maikrofoni iliyosimamishwa katikati ya ukumbi bila kufikiri itarudi nyumbani na upepo huohuo, saa nzima ya mshindo usio na umbo, ambao msikilizaji ataudhania mvua juu ya bati au redio iliyopoteza stesheni. Kwa hiyo swali la maikrofoni gani inunuliwe, ambalo ndilo huulizwa kwanza, halina budi kusubiri lingine: katika kelele hii, ni sauti ipi inayotokana na kompyuta kufanya kazi yake, na inatokea mahali gani hasa?

Ninaposema kompyuta kubwa nina maana ya mashine za aina mbili. Ya kwanza ni zile za zamani zilizofufuliwa na makumbusho, kama vile Colossus, mashine ya kuvunjia misimbo ya siri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliyojengwa upya na mhandisi Tony Sale na wenzake huko Bletchley Park, Uingereza, au mifumo miwili ya IBM 1401 inayofanya kazi katika Computer History Museum mjini Mountain View, California. Ya pili ni kumbi za seva za siku hizi, ambazo tunazo pia Nairobi na Dar es Salaam. Tofauti yake ni kubwa. Mashine ya zamani ina viungo vinavyotembea, navyo vinasikika vikitembea. Seva ya leo imeficha karibu kazi yake yote ndani ya vipande visivyosogea, ikatuachia feni.

Hatua ya kwanza: kusikiliza kabla ya kufungua begi

Omba ruhusa kwa maandishi, na useme wazi kwamba hutagusa swichi, hutaunganisha kifaa chochote kwenye mtandao wao, na hutapiga picha za skrini. Msimamizi wa ukumbi wa seva ana sababu nzuri ya kumwogopa mgeni mwenye nyaya. Uliza pia kuhusu vumbi, kwa kuwa kumbi nyingi hazikubali hata boksi la karatasi lipite mlangoni, na vifuniko vya manyoya ambavyo sisi warekodi huvitegemea sana nje hupukutisha nyuzi. Beba vya sponji au vya wavu.

Vaa vizibo vya masikio. Kiwango kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa muda wa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu, yaani saa 4 katika desibeli 88 na saa 2 katika desibeli 91. Nyuma ya makabati yaliyojaa seva, viwango hivyo hufikiwa bila shida. Anayekaa humo mchana kutwa bila kinga atafanya uamuzi mbaya kuhusu sauti jioni hiyo, achilia mbali madhara ya miaka ya baadaye.

Kisha tembea. Vaa hedifoni zinazoziba vizuri, shika maikrofoni moja tu mkononi, na uzunguke mashine polepole kama mtu anayetafuta bomba linalovuja. Utagundua kwamba mvumo hauko sawa kila mahali. Transfoma katika nchi zenye umeme wa hezi 50 huvuma zaidi katika hezi 100, kwa sababu kiini chake hutanuka na kunywea mara mbili katika kila mzunguko. Urefu wa wimbi la hezi 100 ni kama mita 3.4, na ndani ya chumba chenye kuta ngumu wimbi hilo hujirudia na kujijenga hadi kuwe na sehemu ambapo mvumo unatikisa kifua na sehemu nyingine, kama sentimita 85 kando, ambapo karibu unatoweka. Hatua moja ya mguu inaweza kubadilisha rekodi kuliko maikrofoni ya bei mara kumi. Weka alama sakafuni kwa utepe katika sehemu tatu au nne zilizokuvutia, kisha chora ramani yake kwenye karatasi.

Hatua ya pili: kutambua njia tatu za sauti

Sauti ya kompyuta humfikia msikilizaji kwa njia tatu, na kila njia ina chombo chake. Ya kwanza ni hewa, ambayo hunaswa na maikrofoni za kawaida. Ya pili ni mwili wa mashine wenyewe, yaani mtetemo unaopita kwenye chuma, vioo na sakafu, ambao sehemu kubwa haitoki hewani kabisa. Ya tatu si sauti bado: ni uga wa sumaku unaobadilika kuzunguka nyaya na saketi, ambao koili ndogo huweza kuugeuza kuwa sauti.

Chukua mfano wa kompyuta ya Harwell Dekatron, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1951, ikafufuliwa mwaka 2012, na sasa inaonyeshwa katika The National Museum of Computing kule Bletchley. Ina uzito wa tani 2.5 na mirija 828 ya dekatroni, ambayo huhesabu kwa nukta za mwanga zinazozunguka. Kuzidisha namba mbili huichukua sekunde kadhaa, na kwa muda wote huo rilei zake, yaani swichi ndogo zinazosukumwa na umeme, hugongagonga. Hapa njia ya hewa inatosha kabisa, maana kazi ya hesabu ndiyo hiyohiyo mlio, na sikio linaweza kufuata hatua za hesabu kama linavyofuata mtu anayeshona kwa cherehani chumba cha pili. Seva ya kisasa haina ukarimu huo. Ukiitaka kazi yake, na si upoaji wake tu, itakubidi utumie njia ya pili na ya tatu.

Hatua ya tatu: kuchagua maikrofoni za hewani

Maikrofoni za kondensa zenye kiwambo kidogo, yaani utando unaotetemeshwa na sauti, ndizo ninazozipendekeza kwa kazi hii, na kati yake zile zinazosikia pande zote. Najua wengi hushika kwanza ile ya kuelekeza, wakiamini kwamba italenga mashine na kuacha kelele nyuma. Imani hiyo ina ukweli mdogo. Katika chumba chenye kuta ngumu kelele haina nyuma wala mbele, inakuja kutoka kila upande baada ya kugonga dari na sakafu, na maikrofoni ya kuelekeza huisikia tu ikiwa imepotoka rangi. Zaidi ya hapo, maikrofoni ya kuelekeza hufanya kazi kwa kulinganisha shinikizo la mbele na la nyuma ya kiwambo, na kwa sababu hiyo huathirika vibaya na upepo na mtikisiko wa stendi. Ile ya pande zote hupima shinikizo tu, nayo huvumilia upepo zaidi na kushuka hadi masafa ya chini bila kuchoka.

Somo hili nililipia. Katika ukumbi mmoja wa seva niliweka jozi ya maikrofoni za kadioidi, ambazo ni aina ya kuelekeza, nyuma ya kabati, kama sentimita 40 kutoka kwenye matundu ya kutolea joto, nikasikiliza kwa nusu dakika, nikaridhika, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, seva zilikuwa zimepewa kazi nzito, feni zimepanda kasi, na rekodi nzima ya dakika 40 ilikuwa ni vishindo vya upepo kwenye viwambo, mithili ya mtu anayepuliza mshumaa usiozimika. Tangu siku hiyo nina jaribio moja dogo: nang'iniza uzi mwembamba wa pamba mahali ambapo maikrofoni itakaa. Uzi ukilala upande, mahali hapo hapafai, hata kama panasikika vizuri kiasi gani. Kusogea sentimita 20 kando ya mkondo wa hewa kwa kawaida kunatosha, kwa kuwa sauti husambaa pembeni lakini upepo unakwenda moja kwa moja.

Maikrofoni za kuelekeza zina mahali pake, nako ni karibu sana na kiungo kimoja kinachotembea. Printa ya IBM 1403, iliyokuja pamoja na kompyuta ya 1401 mwaka 1959, huchapa mistari 600 kwa dakika kwa nyundo zinazogonga karatasi dhidi ya mnyororo wa herufi. Kisoma kadi cha mfumo huohuo humeza kadi 800 zilizotobolewa kwa dakika. Ukitaka kuzitenganisha mashine hizi mbili zilizosimama chumba kimoja, maikrofoni ya kadioidi iliyowekwa sentimita 30 kutoka kwenye kila moja, mgongo wake ukiielekea jirani, itafanya kazi nzuri. Kumbuka tu kwamba ukaribu huo huongeza besi, na ukate besi hiyo baadaye, wala si kwenye maikrofoni.

Jambo moja linaweza kukuokolea fedha. Watengenezaji hutangaza sana ukimya wa maikrofoni zao, yaani kelele ndogo ambayo kifaa huizalisha chenyewe. Katika ukumbi wenye desibeli 75 au 80 ubora huo haukusaidii kitu: maikrofoni yenye kelele ya desibeli 22 na ile yenye desibeli 10 zitatoa rekodi ambazo hakuna sikio litakalozitofautisha kwa kigezo hicho. Tazama badala yake kiwango cha juu ambacho maikrofoni hukistahimili bila sauti kupasuka, ambacho kiwe desibeli 130 au zaidi, maana nyundo za printa huwa kali sana kwa karibu kuliko mita ya kinasa inavyoonyesha. Maikrofoni za dainamiki zinafaa pia kwa printa, ila zina sumaku ndani yake, na haziruhusiwi kukaribia rili za tepu. Ukikiuka hilo katika makumbusho usitarajie kualikwa tena.

Hatua ya nne: jozi ya stirio na umbali wake

Mpangilio wa jozi unategemea utaifanyia nini rekodi. Kwa filamu au redio, ambako huenda njia mbili za rekodi, ya kushoto na ya kulia, zikaunganishwa kuwa moja, tumia maikrofoni mbili za kadioidi zilizokutana vichwa kwa pembe ya nyuzi 90, au mpangilio wa kati-na-pembeni, ambao unakuruhusu kubadilisha upana wa picha ya sauti ukiwa mezani. Mpangilio wa ORTF, uliotokana na redio ya taifa ya Ufaransa, wenye sentimita 17 kati ya viwambo na pembe ya nyuzi 110, ni maafikiano mazuri na ndio ninaouanzia pale ninapokuwa sina uhakika.

Kwa ukumbi mzima unaosikilizwa kwa hedifoni, hakuna kinachoshinda maikrofoni mbili za pande zote zilizotengana sentimita 40 hadi 60. Hapa kuna mtego unaohusu feni hasa. Feni ya seva yenye upana wa milimita 40 inaweza kuzunguka mara 15,000 kwa dakika. Ikiwa na mapanga matano, mlio wake mkuu utakuwa 15,000 kugawa kwa 60 mara 5, yaani hezi 1,250. Urefu wa wimbi hilo ni kama sentimita 27. Ikiwa umbali kutoka kwenye feni hadi maikrofoni moja unazidi ule wa nyingine kwa nusu ya urefu huo, mlio utafika ukiwa kinyume, na njia mbili zikiunganishwa utafifia au kupotea kabisa. Bonyeza kitufe cha mono kwenye kinasa kila baada ya kuhamisha jozi. Mlio ukitoweka, sogeza maikrofoni moja upana wa viganja viwili, kisha usikilize tena.

Feni mbili hazizunguki kamwe kwa kasi iliyo sawa kabisa. Moja ikilia hezi 1,250 na jirani yake 1,252, utasikia mapigo mawili kwa sekunde, sauti ikijaa na kupwa, na kabati lenye feni thelathini hutoa kwaya isiyorudia mstari. Huo ndio uzuri halisi wa kumbi za seva. Hunaswa vizuri zaidi mita moja hadi moja na nusu mbele ya kabati, upande wa hewa baridi, ambako upepo ni mpole na milio haijachanganyika na mwangwi wa chumba.

Colossus inadai mpangilio tofauti. Utepe wake wa karatasi ulikimbia kwenye magurudumu kwa herufi 5,000 kwa sekunde, na fremu ya magurudumu hayo imesimama mbali na taipureta inayochapa matokeo. Jozi moja mbele ya mashine nzima hutoa picha ya jumla, lakini utepe na taipureta vinastahili maikrofoni moja moja. Umbali kati ya maikrofoni hizo mbili uwe angalau mara tatu ya umbali kutoka kila moja hadi kwenye kiungo chake, ili sauti ya utepe isiingie kwa nguvu katika njia ya taipureta. Stendi ifungwe mfuko wa mchanga miguuni: mashine hii ina valvu (mirija ya elektroniki) kama 2,500 na sehemu zenye umeme ulio wazi, na stendi ya chuma inayoanguka hapo si ajali ndogo.

Hatua ya tano: mguso na sumaku

Maikrofoni ya mguso ni kisahani cha piezo, kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, kile kinachouzwa kwa bei ya soda katika maduka ya vipuri vya elektroniki. Kibandike kwa nta au kwa gundi ya pande mbili kwenye bamba la chuma lililo wazi, lisilo na rangi nene, na ukihamishe kila baada ya dakika moja hadi upate mahali panapozungumza. Mlango wa kabati hutoa mvumo mzito. Reli inayoshikilia diski zinazozunguka hutoa mikwaruzo mifupi ya vichwa vinavyotafuta data, ambayo hewani haisikiki kwa sababu feni zimeifunika. Hilo la pili ndilo jibu langu kwa wanaosema seva haina sauti ya kazi.

Tatizo la piezo ni kwamba wengi huichomeka kwenye tundu la maikrofoni na kulalamika kwamba haina besi. Kisahani cha milimita 27 huwa na uwezo wa kuhifadhi chaji wa kama nanofaradi 20, na kikikutana na ingizo lenye ukinzani wa kiloomu 10 hupoteza kila kitu kilicho chini ya hezi 800 hivi. Kikikutana na ingizo la megaomu 1, kama lile la gitaa, hushuka hadi hezi 8. Tumia tundu la gitaa, au amplifaya ndogo ya kati.

Kwa njia ya sumaku utahitaji koili ya kunasa simu, ile yenye mpira wa kunyonya unaobandikwa kwenye kioo au plastiki. Isogeze polepole kando ya kabati bila kugusa nyaya. Karibu na kifaa cha kugeuza umeme utasikia mluzi. Karibu na swichi ya mtandao, mikatokato ya haraka inayobadilika data inapopita. Waendeshaji wa 1401 walijua jambo hili zamani, maana redio ya AM iliyowekwa karibu na mashine ilitoa milio iliyofuata programu, na wapo walioandika programu kwa ajili ya muziki huo tu. Koili hutoa umeme dhaifu mno, na hapa ndipo ubora wa amplifaya ya kinasa unapoonekana. Fedha ulizookoa kwenye maikrofoni zitumie hapa.

Hatua ya sita: umeme, nyaya na viwango

Endesha kinasa kwa betri. Ukikichomeka kwenye umeme wa ukumbi utapata mvumo wa hezi 50 ambao hautaweza kuutofautisha na mvumo wa mashine uliyokuja kuirekodi, na hiyo ni hasara isiyorekebishika. Tumia nyaya za XLR zilizosawazishwa, zile zinazojikinga na kelele za umeme, fupi kadiri iwezekanavyo, na zinapolazimika kukutana na nyaya za umeme zikatize kwa pembe mraba badala ya kwenda sambamba. Simu iwekwe katika hali ya ndege, yako na ya mwenyeji wako.

Biti 24 na kilohezi 48 zinatosha kwa kazi nyingi. Panda hadi kilohezi 96 ikiwa unakusudia kupunguza kasi ya rekodi baadaye, kwa kuwa vifaa vya kugeuza umeme hulia juu ya uwezo wa sikio, na vikishushwa oktavu moja au mbili hufichua mambo. Kilele cha sauti kikae kwenye desibeli 12 chini ya mwisho wa mita ya kinasa kwa feni, na 20 kwa printa.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Anza na rekodi ya marejeo. Mwaka 1951 BBC ilirekodi nyimbo zilizopigwa na kompyuta ya Ferranti Mark 1 huko Manchester, na mwaka 2016 watafiti Jack Copeland na Jason Long waligundua kwamba kasi ya rekodi iliyobaki haikuwa sahihi. Waliirekebisha kwa kuhesabu masafa ambayo mashine ile iliweza kuyatoa. Walibahatika kwamba hesabu hiyo iliwezekana. Wewe piga mlio wa hezi 1,000 kwa sekunde kumi, kisha taja kwa sauti tarehe, jina la mashine, mahali pa kila maikrofoni kwa sentimita, na kazi ambayo mashine inafanya wakati huo. Wizara ya Fedha ya Tanzania ilikuwa na kompyuta ya ICT 1500 katika miaka ya 1960, kabla serikali haijapiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na mpaka leo sijakutana na hata sekunde moja ya sauti yake. Kama ipo kwenye tepu fulani kabatini, huenda haina maelezo, na ndiyo maana haijulikani kuwa ni yenyewe.

Rekodi kila mahali ulipoweka alama kwa dakika tano kamili bila kusogea, mara moja mashine ikiwa imepumzika na mara moja ikiwa kazini. Mwombe mwendeshaji aanzishe kazi wewe ukiwa tayari unarekodi, kwa kuwa mabadiliko kutoka hali moja hadi nyingine ndiyo yenye habari.

Kama ratiba inaruhusu mashine kuzimwa, hiyo ndiyo rekodi ya kuiandalia vyombo vyote: jozi ya hewani, piezo na koili kwa pamoja. Koili hunyamaza kwanza, papo hapo. Feni hufuata kwa sekunde kadhaa, kila moja ikiteremka kwa mwendo wake hadi mapigo yao yanapungua na kuhesabika kwa kidole. Piezo huendelea muda mrefu zaidi, kwa sababu chuma kinachopoa hunywea na kutoa mitiki midogo, isiyo na mpango, inayozidi kuachana. Usizime kinasa mpaka dakika tatu zipite kati ya tiki moja na nyingine, na mwambie mwenyeji asifungue mlango.